Nawezaje kupiga muziki wa simu kwenye redio ya zamani ya gari bila mikwaruzo?

#1 Baba Nasra
Wakuu, habari za jioni.

Nina Raum ya 2004. Redio yake ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani: ina CD, ina tundu la MD (zile diski ndogo za zamani), maandishi yote Kijapani. Haina tundu la waya, haina USB, haina Bluetooth. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka baba yangu kliniki, tunatoka Kongowe alfajiri mpaka mjini. Mzee anapenda dansi la zamani na nyimbo zake zote nimemwekea kwenye simu yangu. Kwenye foleni ya Rangi Tatu ule muziki ndio unaomtuliza, maana kukaa muda mrefu kunamuumiza mgongo.

Nikanunua Kariakoo ile transmita ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, inayorusha muziki wa simu kwa FM mpaka kwenye redio. Muuzaji kaniambia redio ya Japani inaishia 90, kwa hiyo nichague kati ya 88 na 90. Nikaweka 88.7. Nyumbani inapiga safi kabisa. Nikishafika Mtoni kwa Azizi Ali mikwaruzo inaanza, mara sauti za watangazaji zinaingia katikati ya wimbo. Halafu nikikanyaga mafuta kuna mluzi mwembamba unapanda pamoja na injini. Ijumaa iliyopita mzee kaniambia, "Zima tu mwanangu, bora tukae kimya." Hilo limeniuma.

Mwenye uzoefu naomba anielekeze. Sina mpango wa kutumia hela nyingi.

#2 Dogo wa Tabata
Toa hiyo redio kaka, weka ya Android. Bluetooth, ramani, kamera ya nyuma, kila kitu humo. MD siku hizi utazipata wapi?

#3 Bi Tausi
Dogo, mtu kaomba maji ya kunywa wewe unamchimbia kisima. Kasema hana hela nyingi.

Na hizo redio za Android zinataka fundi anayejua. Mimi Vitz yangu ilifungwa ya tachi inchi saba, nikafurahi siku tatu. Siku ya nne asubuhi gari haliwaki, betri imekufa. Kumbe aliyefunga aliunga waya mwekundu na wa njano pamoja, redio ikawa haizimi kabisa, inakunywa umeme usiku kucha. Nilisukumwa na vijana wa bodaboda nikiwa na sare za kazini.

#4 Nanga ya Feri
Pole dada. Hili la betri kulala limewakuta wengi.

#5 Fundi Koleo
Dada Bi Tausi amesema kweli, na nieleze kidogo ili mtu akienda kwa fundi ajue anachokiangalia. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, kazi yake kutunza kumbukumbu: saa na stesheni ulizohifadhi. Mwekundu unapata umeme funguo ikiwa kwenye ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, huo ndio unaoiamsha na kuizima redio. Mweusi unashika bodi ya gari. Fundi mvivu akikosa wa ACC anauunga mwekundu kwenye njano, redio inawaka, anachukua hela yake. Kabla hujaondoka gereji zima gari, chomoa funguo, subiri dakika mbili. Redio ikibaki na taa, mwambie arudie.

Kitu kingine, redio za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200. Zile za kawaida za madukani ni 178. Ukinunua bila kupima utabaki na mianya miwili pembeni, na hapo ndipo watu wanajaza vipande vya plastiki na gundi mpaka dashibodi inatia huruma. Nyuma yake kuna soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Zipo waya za kuunganisha bila kukata chochote. Usikubali mtu akate soketi za gari.

Kwa tatizo la mtoa mada nina swali moja: mluzi unausikia hata ukiweka stesheni ya kawaida, au kwenye transmita peke yake?

#6 Kaseti Haifi
Mimi naendesha Carina TI yenye redio ya kaseti na siibadilishi. Ninayo ile kaseti ya kuigiza, yenye waya mrefu unaoingia kwenye simu. Ukiifungua ndani hakuna utepe. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kile cha redio kinachosoma utepe, kinakipitishia muziki kwa sumaku. Hakuna stesheni ya kugombana nayo. Kutoka Bunju mpaka Posta ni muziki mtupu.

Ila isafishwe. Kichwa cha redio kikiwa na uchafu mnene muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Pamba kidogo na spiriti, unapangusa taratibu, unaacha pakauke.

#7 Dogo wa Tabata
Mzee Kaseti, simu yako ina tundu la waya? Zetu hazina.

#8 Kaseti Haifi
Ninayo simu ya zamani ya muziki tu, haina hata laini. Inakaa garini.

#9 Mwl Sumaku
Baba Nasra, mluzi na mikwaruzo ni magonjwa mawili. Ukiyatibu kwa dawa moja utahangaika. Naanza na mikwaruzo.

Redio za Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya megahezi 76 mpaka 90, kwa sababu kwao FM iko huko. Kwetu FM ni 87.5 mpaka 108. Ndiyo maana gari likishafika hapa watu wanalifunga ekspanda, kidude kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kinachofanya ni kutoa. Stesheni ya 93.7 inapunguziwa namba fulani, labda 14, labda 16, mpaka iangukie mahali ambapo redio inaweza kusoma. Bila kidude hicho unabaki na zile chache zilizo chini ya 90.

Nijibu maswali mawili. EFM, ambayo kwa Dar ni 93.7, kwenye redio yako inasomeka namba ngapi? Na Clouds, ambayo ni 88.5, unaipata wapi?

#10 MamaLishe Buza
Mnamchosha mtoa mada na hesabu. Mimi nilinunua spika ndogo ya Bluetooth, naiweka katikati ya viti, naichaji usiku. Redio ya gari siku hizi nasikilizia taarifa ya habari tu.

#11 Bi Tausi
Hapo nakuunga mkono mama, kwa safari fupi. Ila usiiache garini mchana. Yangu niliisahau juu ya dashibodi, gari liko juani pale Mwenge kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Niliikuta imevimba tumbo.

#12 Fundi Koleo
Na isiwekwe chini miguuni kwa dereva. Ikibiringika chini ya pedeli ya breki ni hatari.

#13 Mkaka wa Spacio
Kuna njia haijatajwa. Baadhi ya redio za Toyota zina soketi nyuma kwa ajili ya kile kisanduku cha kubadilisha CD. Kuna kifaa unakichomeka pale, kinaidanganya redio kwamba kisanduku kipo, kumbe mwisho wa waya ni tundu la simu. Nilifanya hivyo kwenye Spacio. Sauti ni nzuri kuliko transmita yoyote niliyowahi kutumia, besi unaisikia mpaka kwenye kiti.

Lakini na mimi ule mluzi ulinikuta. Unakuja pale tu ninapochaji simu huku muziki unapiga. Nikichomoa chaji, kimya.

#14 Mwl Sumaku
Mkaka, wako unaeleweka. Simu imeshika bodi ya gari kwa njia mbili: kwa waya wa muziki na kwa waya wa chaji. Katikati ya njia hizo mbili umeme wa alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, unajipenyeza, unausikia kama mluzi. Jaribu kuchaji kwa pawabenki. Ukinyamaza, dawa ni kale kasanduku kadogo kenye transfoma mbili ndani, kanakaa kwenye waya wa muziki. Kanapitisha muziki bila kuunganisha waya wa bodi.

#15 Mkaka wa Spacio
Nimejaribu na pawabenki sasa hivi hapa nje, gari linanguruma. Mluzi hakuna. Asante mwalimu.

#16 Baba Nasra
Nimetoka kwenye gari sasa hivi. Majibu:

EFM iko kwenye 79.7. Clouds iko kwenye 88.5 vilevile, lakini nyuma yake kuna mtu mwingine anaongea kwa mbali.

Fundi Koleo, kwenye EFM nimekanyaga mafuta mara tatu, mluzi hakuna. Upo kwenye transmita tu.

#17 Mwl Sumaku
Sasa tumepata mwanga. 93.7 kutoa 79.7 ni 14. Ekspanda yako inatoa 14. Lakini Clouds unaipata palepale pa kwake, 88.5. Maana yake kidude chako kinapitisha vyote viwili: mawimbi yaliyopunguzwa na mawimbi halisi. Yule anayeongea nyuma ya Clouds ni stesheni ya huko juu kwenye 102 na ushee ambayo imepunguzwa 14 ikaangukia hapohapo.

Tazama ulipoweka transmita. 88.7. Clouds 88.5, Wasafi 88.9. Stesheni moja ya FM inachukua upana wa kama 0.2. Umejenga kibanda chako katikati ya kumbi mbili zenye harusi usiku mmoja, na ghorofani yuko yule wa 102 na ushee. Redio ya FM ina tabia ya kushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulimeza lile dhaifu. Kongowe mawimbi ya mjini yamechoka, transmita yako inashinda. Ukikaribia mjini nguvu zinakaribiana, redio inashika hili inaachia lile, ndiyo hiyo mikwaruzo.

Tafuta nafasi chini kwenye redio yako, kati ya 76 na 87, mahali ambapo panavuma tu hewa. Chukua namba hiyo ujumlishe 14. Hapo ndipo uiweke transmita.

#18 Dogo wa Tabata
Mwalimu, hii nimeielewa kuliko fizikia yote ya kidato cha pili.

#19 Nanga ya Feri
Mimi napingana kidogo. Siyo kila ekspanda inapitisha vyote viwili. Gari langu la kwanza lilikuwa na ekspanda, na stesheni zote za 88 nilizipoteza mpaka nilipokichomoa. Kwa hiyo mtu asisome hapa akaenda kujumlisha 14 bila kupima lake.

#20 Mwl Sumaku
Sawa kabisa. Ndiyo maana nimeuliza maswali mawili, siyo moja. Na zipo za 16, na nyingine zaidi ya hapo. Kila gari lipimwe.

#21 Kaseti Haifi
Mimi nasema tatizo ni antena. Mtoa mada, antena yako ni ya aina gani?

#22 Baba Nasra
Ya kufungua kwa kuzungusha.

#23 Kaseti Haifi
Ifungue uiweke kwenye buti unapotumia transmita. Jirani yangu ana Starlet, anafanya hivyo kila siku. Antena ikitoka, stesheni za mjini zinadhoofika, lakini transmita iko hatua moja na redio, haipungukiwi sana. Ukitaka taarifa ya habari unairudisha.

#24 Bi Tausi
Akiipoteza je? Antena zinaibwa zikiwa zimefungwa, sembuse kwenye buti lenye gunia la mkaa.

#25 Fundi Koleo
Hoja ya antena ina ukweli, nimeiona ikifanya kazi. Ila kuna magari transmita inasikika kupitia hiyohiyo antena, ukiitoa unapoteza vyote. Ajaribu kwanza akiwa amesimama.

Turudi kwenye mluzi. Kama EFM haina mluzi, redio na alteneta za Baba Nasra siwezi kuzilaumu moja kwa moja. Lakini sitaki kuiachia alteneta hivihivi. Zipo diodi ndani yake, vidude vya kunyoosha umeme, moja ikifa gari linaendelea kuwaka na kuchaji, ila umeme unatoka na mawimbi. Redio nzuri inayachuja. Transmita ya bei ndogo haiyachuji, inayarusha pamoja na muziki. Kwa hiyo transmita ni mlalamikaji tu, mkosaji anaweza kuwa mwingine. Na vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe, navyo vinachangia. Mwagia maji ya moto, sugua, kaza.

#26 Mwl Sumaku
Fundi, kwa heshima, mimi naona ni transmita yenyewe. Ile ndani yake ina chaji ya simu na mtambo wa kurusha kwenye bodi moja ndogo kama kiberiti. Aazime nyingine kabla hajafungua alteneta.

#27 Fundi Koleo
Sijasema afungue. Nimesema alteneta ipimwe. Ni dakika moja na mita.

#28 Binti wa Kigamboni
Samahani kwa kuingilia. Gari langu ni la Ulaya, lina Bluetooth kabisa ya kiwandani. Simu ikipigwa naisikia kwenye spika zote, lakini muziki haupigi. Nimefuta na kuunganisha upya mara kumi.

#29 Mwl Sumaku
Dada, Bluetooth ina milango tofauti. Wa kupiga simu ni mmoja, wa muziki ni mwingine unaitwa A2DP. Magari ya mwanzo mengi yaliwekewa wa simu peke yake. Simu yako haina kosa. Angalia kama kuna tundu la waya kwenye kile kisanduku cha kuwekea mkono kati ya viti, mengi yanalo na mwenyewe hajui.

#30 Binti wa Kigamboni
Lipo! Lilikuwa limejaa vumbi na sarafu ya shilingi mia. Sasa simu yangu ni ya Type-C, haina tundu la mduara.

#31 Dogo wa Tabata
Nunua kile kigeuza cha Type-C, vimejaa Kariakoo.

#32 Mkaka wa Spacio
Asinunue chochote tu. Kuna aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti. Nyingine ina kidude ndani kinachogeuza data kuwa sauti, kinaitwa DAC. Simu nyingi hazikubali ile ya kwanza. Nilinunua viwili vya kwanza nikavitupa, cha tatu chenye DAC ndicho kimefanya kazi. Dada, nenda na simu yako dukani, jaribu na earphone za tundu la mduara kabla ya kulipa.

#33 MamaLishe Buza
Kijana wangu yeye ana redio yenye USB, anachomeka simu inachaji tu, haisomi wimbo hata mmoja.

#34 Fundi Koleo
Mama, hiyo USB inasubiri flashi. Simu za Android za sasa hazijionyeshi kama flashi zikichomekwa, redio ya zamani haizielewi. Mwambie anakili nyimbo kwenye flashi iliyopangwa (format) kwa mtindo wa FAT32, itasoma.

#35 Nanga ya Feri
Kwa kuwa fundi yuko hewani: Premio ya shemeji, betri ilichomolewa, sasa redio ya ramani inaandika Kijapani na kuomba namba. Haipigi chochote.

#36 Fundi Koleo
Hizo ni zile zenye kufuli la ERC. Piga picha kioo chote, kuna tarakimu zinaonekana pale, zinatumika kutafutia namba ya kufungulia. Usibonyeze kwa kubahatisha. Na siku nyingine fundi akitaka kuchomoa betri muulizeni kwanza kama ana jinsi ya kuishikia umeme.

#37 Baba Nasra
Wakuu, nimerudi. Jana jioni nilikaa garini nikizungusha redio polepole kuanzia 76. Nikapata mahali patupu kwenye 81.9. Nimejumlisha 14, transmita nimeiweka 95.9. Ilipoingia ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Ile 88.7 ilikuwa kama inapita kwenye kitambaa, sikujua mpaka nilipolinganisha.

Leo asubuhi tumekwenda. Rangi Tatu safi, Mtongani safi, kwa Azizi Ali safi. Mzee alianza kuimba kwenye foleni ya Bendera Tatu, anapiga kidole kwenye goti, akanisimulia ukumbi waliokuwa wanacheza yeye na marehemu mama. Habari hizo sikuwahi kuzisikia.

Ila maeneo ya Posta mikwaruzo imerudi kidogo, kama dakika tatu hivi. Na mluzi upo palepale.

#38 Mwl Sumaku
Nimefurahi sana kwa mzee. Posta jaribu kusogea mpaka mahali pengine patupu, transmita na redio pamoja.

#39 Kaseti Haifi
Au atoe antena.

#40 Bi Tausi
Na sauti ya simu isifike mwisho, ishie robo tatu, nyingine aongeze kwenye redio. Ikijaa sana inapasuka kabla haijafika hewani, na mtu anadhani ni mikwaruzo ya stesheni.

#41 Fundi Koleo
Baba Nasra, Jumamosi nipo Temeke. Nakuja na mita, tupime alteneta.

#42 Mkaka wa Spacio
Nami ninayo transmita nyingine imelala kwenye droo tangu nifunge waya. Naileta hapohapo. Ikiwa na mluzi fundi kashinda, ikinyamaza mwalimu kashinda.

#43 Mwl Sumaku
Sawa, ila ziwekwe namba moja na simu moja, isije ikawa tumepima vitu viwili.

#44 Baba Nasra
Jumamosi saa nne. Mzee naye anataka kuja, kasema anawajua mafundi wa Temeke toka zamani.

#45 Msafiri wa Kimara
Wakuu nimesoma uzi wote. Yangu ni Noah ya 2001, EFM iko kwenye 77.7. Kwa hiyo yangu natoa 16?

#46 Mwl Sumaku
Ndiyo, 16. Na Clouds iko wapi?

#47 Msafiri wa Kimara
Ngoja nishuke nikaangalie.